Saa Kumi na Mbili Mchana

Hapo juzi tu, wala usihangaike kuhesabu miaka, palikuwa na nchi ambayo kila jambo lilikuwa la kweli. Jina lake silitaji, maana likitajwa lazima lithibitishwe, na kuthibitisha si kazi yangu, ni kazi ya Wizara. Wananchi wake walikuwa watu wema, wepesi wa kupeana pole na hongera, na kila mmoja alikuwa na simu mkononi, hata aliyekosa viatu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kulikuwa na wakati ambapo uongo na ukweli vilichanganyika mitandaoni kama mchele na mawe. Leo waziri amefukuzwa kazi, kesho yuko ofisini anatafuna karanga. Mwimbaji mmoja alizikwa mara tatu kwa wiki na Jumamosi akapanda jukwaani akiwa mzima. Watu walimeza vitunguu swaumu vizima vizima kwa sababu grupu la ukoo limesema vinatibu presha, macho na mikosi. Serikali ikaona aibu, ikaunda Wizara ya Uhakika.

Wizara ilikaa miezi minane hotelini ikitafakari. Ikagundua kuwa tatizo si uongo. Tatizo ni uchache. Habari inayosambazwa na watu wachache ndiyo inayotiliwa shaka. Inayosambazwa na wote haina wa kuitilia shaka, maana wote wameshaisambaza. Ikapitishwa Sheria ya Uhakika: habari iliyosambazwa mara elfu kumi ni kweli, inapewa muhuri wa kijani. Ambayo haijafika hapo ni uzushi, na aliye nayo ni mzushi. Tena, kila ujumbe uishie na maneno haya mawili: *Kama nilivyopokea.* Maneno hayo yalimwondolea msambazaji lawama zote, duniani na, kwa mujibu wa kanuni ndogo namba saba, hata ahera.

Waziri wa Uhakika alikuwa Mheshimiwa Dakta Dakta Sumbuko Lwiza. Aliitwa dakta mara mbili kwa sababu alikuwa na udaktari wa aina mbili: wa kwanza ulisambazwa mara elfu kumi na moja, wa pili mara elfu kumi na tatu.

*

Katika nchi hiyo alikuwapo mtu mmoja mwenye kasoro. Aliitwa Mbaruku Tindwa, mlinzi wa lango la Bwawa la Kizengele, na kasoro yake ni kwamba yeye hakuwa mpokeaji. Habari yake ilianzia kwake mwenyewe. Maji yakikaribia mstari mwekundu ukutani, ni yeye aliyeyaona. Lango likifunguliwa, ni mikono yake iliyozungusha usukani.

Kwa miaka kumi na tisa, kabla ya kufungua, alikuwa akikoroga mpini wa king'ora cha chuma kilichofungwa juu ya ukuta. King'ora kililia nusu saa nzima, sauti ikashuka na bonde mpaka Kitopeni, kijiji kilicho chini huko. Kiangazi watu wa Kitopeni hulima ndani ya mto wenyewe, kwenye mchanga wenye unyevu: matembele, bamia, nyanya. Wakikisikia king'ora wanabeba majembe na watoto, wanapanda ukingoni. Katika miaka yote hiyo mto haukuchukua hata kuku. Hakuna aliyewahi kuuliza king'ora kimepokea kutoka kwa nani.

Siku moja Wizara ikauliza. Mkaguzi alikuja na mwavuli na kijiti cha lakiri, akasoma barua: king'ora hicho kinatoa habari isiyo na chanzo, isiyohesabika, na isiyoweza kusambazwa. Akaupiga mpini lakiri nyekundu, akapigwa picha akiwa ameushika, akaondoka. Tangu siku hiyo ikaamriwa matangazo yote ya bwawa yapitie kwenye simu.

Jioni ile Mbaruku alimpigia binti yake wa pekee, Mwajabu, aliyeolewa Kitopeni na kulima nyanya huko.

"Wamekifunga, mama," alimwambia. Alizoea kumwita mama, kwa kuwa binti alirithi jina la bibi yake. "Hakitalia tena."

"Pumzika, baba," Mwajabu akamjibu. "Mikono yako nayo imechoka. Siku hizi kila kitu kiko kwenye simu." Alikuwa akimfariji, na Mbaruku alifarijika kweli. Maneno yale mawili, hakitalia tena, yalimtoka mdomoni kirahisi, na mpaka leo angetoa chochote ayameze.

*

Mvua ikanyesha milimani nje ya majira yake. Asubuhi ya Jumatano Mbaruku alipima maji, akahesabu kwa vidole, akaona kwamba kesho yake kukipambazuka yatakuwa kwenye mstari mwekundu. Akachukua simu, akaandika kwenye fomu ya Wizara: *Kesho Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nitafungua lango la bwawa, wote mtoke mtoni mapema.*

Fomu ya Wizara ilikubali herufi arobaini tu, kwa kuwa utafiti ulionyesha kwamba msomaji akizidishiwa hasambazi. Kwa hiyo mashine ikamsaidia. Ikaondoa Alhamisi, ikaondoa asubuhi, ikaondoa watu na kutoka kwao, ikabakiza: *Lango la bwawa kufunguliwa kesho saa 12.*

Hapo ndipo pana jambo la kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka. Mbaruku alihesabu saa kama alivyofundishwa na mama yake: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, likifika utosini ni saa sita. Simu lakini ina hesabu yake, na jua likiwa utosini yenyewe inaandika 12:00. Mtu mmoja mahali fulani, mwema bila shaka, aliona tangazo limepungukiwa. Akaliongezea neno "mchana" na kikatuni cha jua lenye miwani, akasambaza. *Lango la bwawa kufunguliwa kesho saa 12 MCHANA. Kama nilivyopokea.*

Katika Kiswahili cha mtu yeyote aliyekinyonya kwa mama yake hakuna saa kumi na mbili mchana. Ni saa isiyokuwapo. Jua halijawahi kuisimamia. Lakini kikatuni kilipendeza, na kufikia adhuhuri saa hiyo ilikuwa imesambazwa mara elfu kumi na mia mbili. Ikapata muhuri wa kijani, ikawa saa halali ya nchi.

Mbaruku alipoliona tangazo lake limerudi kwake likiwa na miwani, alilisoma mara mbili. Akampigia Mwajabu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Kesho mapema usishuke mtoni. Nafungua alfajiri, saa kumi na mbili."

"Hapana, baba, ni saa sita mchana. Imeshatoka. Ina kijani." Alikuwa na furaha, sauti yake imejaa shughuli. "Tena tumepanga Kitopeni nzima tushuke saa kumi na moja alfajiri, tuvune kila kitu kabla ya maji. Nyanya zangu zimeiva, baba, ungeziona!"

"Mwajabu. Mimi ndiye ninayefungua."

"Najua, baba."

"Sasa kama mimi ndiye ninayefungua, na mimi nakwambia ni alfajiri?"

Akawa kama mtu anayetafuta namna ya kumwambia mzazi kwamba amevaa shati nje ndani. "Baba, lakini wewe nani kakwambia?"

Mbaruku alikuwa amesimama juu ya ukuta, maji yapo pale chini ya miguu yake, yanapanda. "Nimeyaona," akasema.

"Haya, baba. Usiwe na wasiwasi, nitawauliza kwenye grupu."

Hakumbeza baba yake, wala si mtoto wa dharau huyo. Alilelewa vizuri, na serikali ikamalizia malezi.

*

Ofisi ya Wizara ilikuwa mjini, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka bwawani. Mbaruku aliingia saa tisa alasiri, jasho linamtiririka. Dirishani alikuwa karani mmoja, Bi Edwina, msichana mwenye adabu na kalamu tatu.

"Shikamoo mzee. Karibu kwenye Uhakika."

"Marahaba. Nimekuja kurekebisha tangazo la bwawa. Saa imekosewa."

"Sawa." Akavuta fomu. "Ulilipokea kutoka kwa nani?"

"Sikulipokea. Nimeliandika mimi."

Kalamu ikasimama. "Sikukuuliza nani kaliandika, mzee. Hapa hakuna anayeandika. Nimekuuliza nani kakutumia."

"Hakuna aliyenitumia. Nimeyaona maji."

"Maji ndiyo yamekutumia?"

"Nimeyaona, binti yangu! Kwa macho!"

Bi Edwina akapitia fomu toka juu hadi chini, akaigeuza, akapitia na nyuma. "Macho hayamo," akasema kwa huruma ya kweli. "Kuna grupu la ukoo, kuna grupu la kazini, kuna shemeji, kuna 'mtu wa ndani kabisa'. Chagua hata shemeji, mzee, nikusaidie."

"Nitasemaje shemeji, na ni mimi?"

"Mtu hawi chanzo, mzee. Ndiyo maana tuna sheria."

Pale nyuma vigelegele vikalipuka. Tangazo la bwawa lilikuwa limefikisha mara laki moja, na Mheshimiwa Dakta Dakta Sumbuko Lwiza mwenyewe alikuwa amekuja kukata keki. Keki ilikuwa na umbo la jua lenye miwani. Mbaruku akapenya katikati ya makoti, akamfikia.

"Mheshimiwa, naomba unisikilize. Tangazo hilo si sahihi."

Waziri akaweka kisu chini, akatabasamu kwa ajili ya kamera.

"Ndugu mwananchi," akasema, "nchi nyingine zina ukweli wa mtu mmoja mmoja, umetawanyika ovyo, hauna hata mwenyekiti. Sisi tumekataa. Ukweli wetu ni wa pamoja, unahesabika, na unaongezeka kwa asilimia arobaini kila mwaka! Sasa wewe unataka kuniambia kwamba watu laki moja ni waongo, mkweli ni wewe peke yako?"

"Mheshimiwa, hao laki moja hawashiki usukani wa lango."

Makofi machache yalianza kwa makosa, yakakatishwa.

"Basi wewe unayeshika, fungua saa 12 mchana kama wananchi walivyoamua."

"Ukuta hautafika huko, mheshimiwa. Maji yanapanda shubiri kila saa. Nisipofungua alfajiri, saa tatu utapasuka, na Kitopeni yote inakwenda na nyumba zake. Nikifungua alfajiri mtoni kuna watu, kwa sababu mmewaambia ni mchana. Nawaombeni neno moja tu. Rudisheni 'asubuhi'. Kule nina mwanangu."

Aliyasema kwa sauti ya chini, na kwa kitambo kidogo nadhani hata keki ilimsikia. Waziri akamgeukia msaidizi wake. "Hii habari ya maji kupanda imesambazwa mara ngapi?"

Msaidizi akatazama. "Sifuri, mheshimiwa."

"Sifuri," Waziri akarudia, akiwaonyesha wageni mikono mitupu. Watu wakacheka kwa raha, wakaendelea kula.

Sheria ilikuwa na huruma kwa mzushi wa mara ya kwanza: saa kumi na mbili za kutafakari. Kitasa cha chumba alimowekwa Mbaruku kilifungwa saa kumi na moja jioni. Simu walimwachia, kwa sababu kupokea ni haki ya kila raia, ila waliifungia isipige wala isitume. Jua likizama aliuona ujumbe wa Mwajabu kwenye grupu la Kitopeni: *Jamani, baba yangu anasema lango ni asubuhi na si mchana.* Chini yake admini alikuwa amejibu: *Baba yako amesambazwa mara ngapi?* Vikafuata vikatuni ishirini na tano vya kucheka. Kisha Mwajabu tena: *Samahanini wana grupu.*

Mbaruku aliligusa lile neno samahanini kwa kidole gumba, kama mtu anayefuta uso wa mtoto.

*

Walimfungulia saa kumi na moja alfajiri, kwa dakika na sekunde. Alikimbia. Hakuwa amekimbia tangu ujana wake, na alifika ukutani anahema, saa kumi na moja na nusu imetimia. Maji yalikuwa yameugusa mstari mwekundu.

Aliipasua lakiri kwa jiwe, akaushika mpini, akakoroga. King'ora kilikohoa kutu, kikanguruma, kikapaza sauti ileile ya miaka kumi na tisa, ikashuka na bonde. Mbaruku alilia kwa faraja. Alijua kwamba Mwajabu alikuwa akiitambua sauti ile tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Sauti haikatwi herufi, alijiambia. Sauti haina fomu.

Kule Kitopeni watu walikuwa mtoni wote, vikapu vimejaa nusu. Wachache waliobaki wanasimulia kwamba king'ora kilipolia kila mtu alinyanyua mgongo, na kila mtu, kwa pamoja, akatoa simu. Walitaka kujua kama wanachokisikia ni kweli. Mmoja akakirekodi, akauliza mtandaoni: *Hiki ni nini?* Dawati la Wizara halilali. Lililinganisha sauti ile na rekodi zake na kujibu baada ya dakika nne, kwa muhuri wa kijani: *Sauti hii ni ya ZAMANI. King'ora kilifungwa rasmi. Kuna mzushi anaicheza kwenye spika ili kuleta taharuki. PUUZENI.* Ujumbe ulisambazwa mara elfu kumi kwa dakika kumi na moja, rekodi ya taifa. Watu wakarudisha simu mifukoni, wakainama tena kwenye nyanya.

Saa kumi na mbili kamili Mbaruku aliacha mpini. Nusu saa ilikuwa imetimia, na nusu saa ilitosha siku zote. Akashika usukani wa lango, akauzungusha, na bwawa likaanza kumwaga. Alikuwa katikati ya kazi, mikono yote miwili imebana chuma, simu ilipotetema mfukoni. Hakuitazama. Aliitazama baada ya lango kufunguka kabisa.

Ulikuwa ujumbe wa Mwajabu. *Baba usishtuke, hicho king'ora ni cha zamani, wanatudanganya. Nimekuwekea nyanya. Kama nilivyopokea.*

Akaurukia usukani akaanza kuufunga. Kufunga lango huchukua muda uleule wa kufungua, na maji hayangoji.

*

Wizara ilitoa taarifa saa moja asubuhi, kwamba mafuriko yametokea saa 12 mchana kama ilivyotangazwa. Taarifa ikasambazwa mara laki mbili. Waziri akawapongeza wananchi kwa utulivu. Kuhusu vifo, alisema habari hizo bado ni uzushi, kwa kuwa hazijafikia idadi. Na kweli hazikufikia. Grupu la Kitopeni, ambalo ndilo lingezisambaza, lilikuwa kimya tangu alfajiri ile.

Mwajabu alipatikana siku ya pili, amenasa kwenye matete. Mbaruku alikwenda kumchukua kwenye ghala la shule walikolaza maiti kwa mistari. Mezani alikuwapo Bi Edwina, ameletwa kusaidia, na kalamu zake tatu. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mwandiko wake haukuyumba.

"Pole sana, mzee. Saini tu hapa, nikukabidhi."

Fomu ilikuwa imeshachapwa. Jina: Mwajabu Mbaruku. Saa ya kifo: saa 12 mchana. Mbaruku aliisoma saa hiyo, akakumbuka kwamba mchana ule, jua likiwa utosini, yeye alikuwa matopeni akilia tangu asubuhi.

"Hakufa mchana," akasema. "Alikufa alfajiri."

"Najua, mzee," Bi Edwina akanong'ona, akatazama mlangoni. "Lakini alfajiri haina kijani. Nikiandika alfajiri hawatakupa ruhusa ya kuzika." Akapitisha kidole mstari wa chini. "Hapa nijazie. Chanzo cha kifo."

Mbaruku hakufikiri. Jibu alikuwa nalo; alikuwa nalo tangu Jumatano, na watu wote walikuwa wamelikataa. "Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyefungua. Andika ni mimi."

Kalamu ilisimama, kama ilivyosimama siku ile dirishani.

"Mzee wangu," Bi Edwina akasema, na machozi yakamdondoka juu ya fomu, akayapangusa haraka yasifute maandishi. "Mtu hawi chanzo."

Pale chini, juu ya turubai, mwanawe alikuwa amelala na udongo wa bustani kwenye kucha. Nje watu wawili walikuwa wakingoja na machela, jua linapanda, na maiti ya mtoni haistahimili joto. Mbaruku Tindwa akachukua kalamu. Akaandika polepole, kwa mkono uliokoroga king'ora miaka kumi na tisa, maneno mawili ambayo hakuwahi kuyaandika maisha yake yote: *Kama nilivyopokea.*

Bi Edwina akaisoma fomu, akaona haina kasoro, akagonga muhuri wa kijani.